Joto la Chumba, Lakini Chumba cha Nani?

Siku ya kuniaga walinipa saa ya ukutani na blanketi zito. Blanketi, hapa Voi! Nililipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikasema maneno ya kufaa, na sasa limekaa kabatini likingoja siku ambayo Voi itaamua kuwa na baridi ya Limuru. Msinielewe vibaya, chuo kilinitendea mema. Lakini wale walionichangia ni watu wa fizikia, wote wanaweza kukuandikia hesabu ya joto ubao mzima, na hakuna hata mmoja aliyechungulia dirishani kabla ya kwenda dukani.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi za maabara, nyinyi mnaoingia na glavu mpya mkidhani mashine itawatii kwa sababu mmesoma kitabu chake. Jina langu ni Nafula. Baba yangu alitoka Bungoma akaja huku kufanya kazi ya reli, mimi nikazaliwa na kukulia mtaa wa Kaloleni, na maisha yangu yote ya kazi niliyamaliza katika maabara moja ya fizikia hapa Voi. Sikuwa daktari wala profesa. Nilikuwa fundi wa maabara. Wao walikuwa na mawazo, mimi nilikuwa na funguo za kabati.

Kazi tuliyoifanya miaka ya mwisho nitawaeleza kwa ufupi, na msikimbie. Chukua kipande cha glasi, kidogo kama stempu. Juu yake laza utando mwembamba wa madini yanayoitwa vanadi, yaliyochomwa kwa tanuri mpaka yakashika oksijeni kwa kipimo. Mwembamba kiasi gani? Ukiukwaruza kwa ukucha, umemaliza shahada ya mtu. Utando huo ukiwa baridi unazuia umeme. Ukipata joto ukafika mahali pake, unageuka ghafla, unapitisha umeme kama chuma. Hauyeyuki, hautoi moshi. Ni chembe zake za ndani tu zimejipanga upya. Ukipoa unarudi kuzuia. Na utamu wenyewe uko hapa: ukiuweka karibu kabisa na ile hatua ya kugeuka, ukausukuma kidogo kwa umeme, basi mwanga wa tochi unatosha kuuvusha. Unamulika, umeme unapita. Ni swichi isiyo na kidole wala springi. Wakubwa walikuwa wakisema kompyuta za kesho zitatumia vitu hivi. Mimi nilikuwa nasema nitashukuru ile ya leo pale ofisini ikiwaka.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Kombo, mzee wa Mombasa, msafi wa mwili na wa ulimi, aliyeongea Kiswahili kilichonifanya mimi wa Kaloleni nijione natafuna mawe. Mwezi wangu wa kwanza sikugusa mashine. Niliosha glasi. Naosha, nasuuza, nakausha, nampelekea. Anaiinua kwenye mwanga, anaipumulia hewa ya mdomoni, polepole.

"Binti yangu," anasema, "hebu njoo utazame. Ni nani huyu aliyelala hapa?"

Natazama. Ni alama ya dole gumba langu, kubwa, imejichora katikati ya ule mvuke.

"Ni mimi, Bwana Kombo."

"Basi rudi ukajioshe humo."

Hilo lishikeni, kwa sababu vitabuni halimo. Glasi safi ukiipumulia, mvuke unatanda sawasawa na kuondoka sawasawa. Chafu itakuonyesha madoa, mistari, na ulichokula asubuhi. Bwana Kombo alinipiga marufuku kula mandazi kabla ya kazi, na siku za samaki wa omena alikuwa akinikuta mlangoni na kuninusa mikono kama mwalimu wa zamu. Amesharudi kwao kupumzika, lakini mimi mpaka leo nikipewa glasi ya maji hotelini naipumulia kwanza. Wahudumu wamezoea. Wanasema ni mambo ya uzee.

Tanuri nalo lilikuwa na vituko vyake. Utando unachomwa taratibu, unapanda moto kidogo kidogo, unakaa, unashuka kidogo kidogo. Sasa wewe uko katikati ya kupanda, stima inapotea. Inarudi wakati utando umeshapoa ovyo. Ukifungua ukikuta rangi ya manjano, usijidanganye, oksijeni imezidi, huo ni wa kutupa. Ukikuta rangi ya kijivu inayoelekea bluu, piga magoti umshukuru Mungu, halafu inuka uandike kipimo. Na funga tanuri kwa kufuli. Kuna mhadhiri mmoja, simtaji, ana watoto, aliyewahi kupashia samosa ndani ya tanuri langu. Kwa muda mrefu kila utando ulitoka na madoa ya mafuta na tukakaa vikao kujadili ubora wa gesi. Vikao! Na yeye alikuwa ndani, anachangia hoja.

Haya. Wakesho alinikuta nikiwa nimebakisha mwaka wa mwisho. Alikuwa msichana wa Werugha, kule juu milimani, mkimya kwa watu na mkali kwa mita. Alikuwa anafanya shahada ya pili chini ya Daktari Mutua, Mkamba wa hapa Miasenyi, mtu wa moyo mzuri na haraka mbaya. Baba yake Wakesho, Mzee Mwadime, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa na mkulima wa kabeji, na pale kijijini alikuwa ameshatangaza kwamba binti yake anatengeneza glasi inayogeuka chuma. Majirani walikuwa wameanza kumuuliza kila wakikutana dukani: "Mwadime, ile glasi imeshakuwa chuma?" Anajibu bado. Wanacheka. Si vibaya, lakini wanacheka.

Ufadhili wa Wakesho ulikuwa unaisha na mwaka ule. Alikuwa ameahidiwa nafasi ya kufundisha, akimaliza. Asipomaliza, nafasi anaipata mwingine na yeye anarudi kwa kabeji, na si kwamba kabeji ni mbaya, lakini hakusoma miaka yote ile kwa ajili ya kabeji.

Kazi yake ilikuwa hivi. Utando wa kawaida wa vanadi unageuka kwenye joto kali, lazima uuweke juu ya kipasha moto. Lakini ukiuchanganya na tangsteni kidogo, madini mengine mazito, ile hatua ya kugeuka inashuka. Daktari Mutua alipata makala ya watu wa nchi za baridi. Wameandika vizuri, wametoa kipimo, wakasema: kwa mchanganyiko huu utando unageuka juu kidogo tu ya joto la chumba, kwa hiyo hauhitaji kipasha moto, mwanga unatosha. Tukaifuata makala ile kama mtu anayepika keki ya harusi ya mwanawe. Tangsteni tukapima, moto tukapandisha, rangi ikatoka kijivu safi. Wakesho akaunganisha nyaya, akashika tochi, akawasha mita.

Mita ikaonyesha umeme unapita. Tochi hajaiwasha.

"Mama, huu umepiga shoti," akaniambia.

Tukatengeneza mwingine. Ukapita. Mwingine. Ukapita. Umulike, usiumulike, ufunike na kitambaa cheusi, umeme unatembea tu kama uko kwao. Mimi nikasema ni pampu ya kunyonya hewa, imechoka. Nikaifungua yote, nikaiosha, nikaifunga, nikabaki na skrubu mkononi ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi. Ukapita. Daktari Mutua akasema tangsteni ni feki. Ikaagizwa nyingine. Ukapita. Wakesho hakumlaumu mtu, alijilaumu mwenyewe, na hilo ndilo lilikuwa baya, maana alianza kutokula. Kila utando tulioona umeharibika tuliutupa ndani ya boksi la viatu chini ya meza. Boksi likajaa.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kosa tulilofanya ni la watu wa Voi tu, hakuna mwingine angeliweza. Maabara yetu ina paa la mabati. Madirisha tunafunga kwa ajili ya vumbi. Feni hatuwashi kwa sababu inapeperusha glasi. Mle ndani kalamu ya wino inavuja yenyewe. Lakini sisi tumezoea, tunafuta jasho tunaendelea, hatusemi hata kuna joto, tunasema kuna kazi. Makala ilisema joto la chumba, na sisi tulikuwa ndani ya chumba. Nani angeuliza zaidi?

Siku moja Wakesho akavua koti la maabara, akalikunja, akaliweka juu ya kiti changu.

"Mama, naenda nyumbani."

"Mpaka Jumatatu?"

"Sijui."

Nilimwambia achukue utando mmoja na mita ndogo na tochi, akamwonyeshe baba yake angalau ni kitu gani kilichomkondesha mtoto wake. Msione kama nilikuwa na hekima. Nilitaka tu mita ile iwe kwake ili alazimike kuirudisha.

Asubuhi yake nikiwa nachemsha maji ya kuogea, simu ikalia.

"Mama! Utando umezima!"

"Umezima vipi?"

"Haupitishi! Nimewasha mita nimwonyeshe Baba jinsi ulivyoharibika, ukakataa kupitisha. Nikaumulika, ukapitisha. Nikaondoa tochi, nikapunguza umeme, tukanywa chai, tukarudi, ukawa umezima tena. Mama, unafanya kazi! Unafanya kazi kabisa!"

"Wakesho, tulia. Huko umekaa wapi?"

"Sebuleni."

"Kuko aje?"

"Kuna ukungu. Nimevaa sweta mbi..." Nilisikia ng'ombe wa Mzee Mwadime analia kule nyuma.

Nilienda maabara hata bila chai. Nikatazama kipimajoto kilichokuwa kikining'inia ukutani miaka yote ile, ambacho nilikuwa nikikipangusa vumbi kila Ijumaa bila kukisoma. Kisha nikavuta lile boksi la viatu, nikaketi chini sakafuni nalo. Tando zote zilikuwa nzima. Kila utando tuliotupa ulikuwa umetengenezwa sawasawa na ulikuwa unafanya vile hasa ulivyotakiwa: chumba kina joto, umegeuka, unapitisha. Ni sisi tuliokuwa tunaulaumu kwa utii wake. Daktari Mutua alipoingia nikamwambia. Akasimama, akasema, "Joto la chumba. Chumba cha nani?" Akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akakumbuka bei ya tangsteni, akaacha kucheka.

Mtauliza kwa nini hatukuuweka tu kwenye friji. Tuliuweka. Tuliuweka katika friji ya kantini kati ya soda na maziwa ya mtu. Hapa Voi ukitoa kitu baridi nje kinatoa jasho, na maji na nyaya havipatani. Tukaharibu tando nzuri kwa kuzipoza baada ya kutupa nzuri kwa kutozipoza. Hiyo ndiyo sayansi.

Wakati huo siku ya mtihani ilikuwa imekaribia. Mtahini alikuwa profesa kutoka Nairobi, na alikuwa ameshasoma kazi ya Wakesho na kuandika waziwazi kwamba haamini. Alisema huenda si mwanga unaogeuza utando, ni joto la tochi tu, na kwa hilo hata pasi ingetosha. Alitaka kuona kwa macho yake, unawaka kwa mwanga na unazima. Asipoona, hapitishi.

Akaja kwa treni, amevaa suti nyeusi na tai. Tukamleta maabara. Wakesho akamweleza yote, joto, chumba, boksi, akamwomba twende Werugha, nyumbani kwao, ambako chumba ni kama kile cha kwenye makala.

"Binti," Profesa akasema, "maabara haina miguu. Mtihani unafanyiwa chuoni."

"Profesa, hapa hautaweza kuzima."

"Basi huo ni upungufu wa kazi yako, si wa hali ya hewa."

Wakesho akainama. Mimi nikajifanya napanga klipu. Lakini tulikuwa tumesimama chini ya mabati, na saa zilikuwa zinakaribia zile ambazo hata mbuzi wa Voi wanatafuta kivuli cha ukuta. Profesa akalegeza tai. Akatoa kitambaa akafuta uso, akafuta shingo. Akaendelea kutueleza taratibu za mitihani huku kitambaa kikilowa, kisha akamgeukia Daktari Mutua.

"Huko Werugha kuna baridi kweli?"

"Kuna baridi sana, Profesa."

"Hmm. Tunaweza kuiita kazi ya nyanjani."

Tukapanda gari la chuo. Njiani Profesa alifungua dirisha, na tulivyozidi kupanda kona zile ndivyo alivyozidi kuwa mtu mwema.

Wakesho alikuwa amempigia baba yake simu: "Baba, tunaleta mgeni, hatakaa sana, tunahitaji sebule na meza tu." Masikini. Angeacha kusema neno mgeni. Profesa wa Nairobi, mwalimu wa walimu, aje Werugha kwa Mwadime, akute sebule na meza tu? Tulikuta ua umefagiwa, shangazi zake wote wamefika, kina mama wa kwaya, katekista, na wale majirani wa dukani wamekaa mstari wa mbele, wamevaa makoti ya Jumapili. Mzee Mwadime mwenyewe akanishika mkono kwa mikono miwili. "Kwawuka mana, Mama," akanisalimu kwa Kidawida. "Leo tutaiona."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mpaka nikaanza kujisifu moyoni. Sebule ilikuwa baridi, utando umezima. Wakesho alikuwa ameuunganisha na taa ndogo nyekundu ili kila mtu aone bila kusoma mita. Profesa alitoa mkobani tochi zake mbili, moja ya mwanga mwekundu, moja ya bluu. Akazijaribu kwanza juu ya glasi iliyopakwa masizi yenye kipimajoto, akazirekebisha mpaka zote zikatoa joto lilelile. Mtu makini, sitamnyima haki yake. Akamulika utando kwa nyekundu. Taa haikuwaka. Akamulika kwa bluu.

Taa ikawaka.

"Eeeeh!" sebule nzima. Shangazi mmoja akasema Bwana asifiwe. Mzee Mwadime aliwageukia wale majirani, aliwatazama tu, na ilikuwa inatosha.

"Kwa hiyo si joto peke yake," Profesa akasema.

"Si joto peke yake," Wakesho akajibu, "lakini joto limesaidia. Sisemi mwanga umefanya yote, Profesa. Nasema mwanga ndio umevusha."

Profesa akaliandika hilo. Nadhani alikuwa amekuja kusikia mtu anayejisifu. "Vizuri," akasema. "Sasa zima."

Wakesho akaondoa tochi, akapunguza umeme. Taa ikabaki inawaka. Hilo tulilitegemea, maana utando una ukaidi wake: ili uzime lazima upoe kushuka chini zaidi ya pale ulipogeukia. Unasubiri kidogo. Tukasubiri. Na kwa vile tunasubiri, mgeni atakaaje bila chai? Mlango ukafungwa ukungu usiingie. Mzee Mwadime akaleta jiko la makaa, limewaka vizuri, akaliweka miguuni mwa Profesa, na sufuria ya chai ya maziwa juu yake. Ikaja kimanga ya moto, muhogo na maharagwe yaliyopondwa, kwenye bakuli kubwa. Waliokuwa nje wakaingia kuona kinachoendelea, watoto wakakaa chini ya meza, na kila mtu akapumua kadiri ya uwezo wake. Madirisha yakaanza kutoka jasho. Profesa alikunywa kikombe cha kwanza, akasifu maziwa, akaongezewa. Taa inawaka.

Akatazama saa. Kulikuwa na treni ya kurudi.

"Binti yangu," akasema, na wala hakusema kwa ubaya, "swichi isiyozima si swichi. Ni waya."

Niliona uso wa Wakesho ukibadilika. Alitazama kipimajoto kilichokuwa mezani, akatazama jiko, akatazama watu, mmoja mmoja. Akanitazama mimi. Na mimi hapo ndipo nilipoelewa, na nikatamani nisingeelewa. Mzee Mwadime alikuwa ameigeuza sebule kuwa Voi, kwa upendo, kwa makaa yake mwenyewe.

Jamani, nyinyi mnajua. Mtoto hawezi kufukuza wakubwa katika nyumba ya baba yake, tena mgeni akiwa na chai mkononi. Hiyo si aibu ya siku moja. Wakesho akaanza kwa upole. "Jamani, naomba tupungue kidogo." Kila mtu akakubali kwa kichwa, akamtazama jirani yake, hakuna aliyetoka.

"Tafadhali. Chumba kimepata joto."

"Tunashukuru Mungu," katekista akasema.

Wakesho akasimama. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia. "Tokeni. Nyote. Tokeni nje, na jiko litoke, na chai itoke, mlango uachwe wazi."

"Wakesho!" shangazi mkubwa akasema. "Mgeni tumtoe nje kwenye baridi? Tutaambia watu nini?" Wale majirani wakaanza kutazamana, na nikajua dukani pamepata habari ya mwaka. Wakesho hakuketi. Alikuwa anamtazama baba yake tu.

Mzee Mwadime alitazama lile jiko. Aliliwasha yeye alfajiri, alichagua makaa yeye. Alichukua kitambaa, akajifunga mkononi, akainua sufuria akampa shangazi, akalishika jiko kwa masikio yake ya kushikia.

"Mwenye kazi amesema," akasema. "Tumpishe."

Akatoka. Baba akitoka, nani atabaki? Wakaanza kutoka, kina mama, majirani, katekista na kimanga yake. Daktari Mutua alikuwa ameshafika uani zamani. Profesa alikuwa bado amekaa, nadhani alifikiri maneno yale hayamhusu.

"Na wewe, Profesa," Wakesho akasema. "Na kikombe."

Akainuka, akatoka na kikombe. Nikabaki mimi. Nikakaza klipu moja ambayo haikuhitaji kukazwa.

"Na wewe, Mama."

"Mimi ni fundi!"

"Mama, wewe peke yako ni jiko."

Nina mwili, sikatai. Lakini nilitoka nikiwa nimechukia, nasema ukweli. Maisha yangu yote ya kazi mimi ndiye niliyekuwa natoa watu maabara.

Tulisimama uani kwenye ukungu, watu wazima kama foleni ya zahanati, tukichungulia kwenye mlango na madirisha yaliyofunguliwa. Ukungu ulikuwa unaingia ndani polepole. Wakesho alijisogeza mbali na meza, akabandika mgongo kwenye ukuta wa mwisho, hata pumzi alikuwa anaiachia pembeni. Ile taa nyekundu ilikuwa inawaka pale kama haina habari. Hasira yangu iliisha. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuogopa kwa ajili yangu mwenyewe, na nikamshika shangazi mkono bila hata kujua jina lake.

Taa ikazima.

Mimi ni mtu wa Kaloleni, nimekaa na stima ya Voi tangu utotoni, na taa ikizimika najua sauti ambazo watu hutoa, nyingine siwezi kuziandika. Siku hiyo kina mama wa kwaya walipiga vigelegele. Kwa taa kuzimika! Majirani wa dukani walipiga makofi mpaka kofia ikaanguka. Mzee Mwadime hakupiga kelele. Aliweka jiko chini kwenye matope, akajifuta macho kwa kile kitambaa cha masizi, na akabaki na uso mweusi mbele ya wageni wote, na hakuna aliyemwambia.

"Rudia," Profesa akasema kutoka nje.

Wakesho akamulika kwa bluu. Ikawaka. Akaondoa. Tukangoja. Ikazima.

Profesa alikuwa amelowa mabegani, chai imepoa kikombeni, suti imenyauka. Akasogea mpaka kizingitini. "Nimeridhika," akasema. "Kabisa. Nimeridhika. Naweza kuingia sasa?"

Wakesho hakuinua kichwa. Alikuwa anasoma kipimajoto.

"Bado, Profesa. Nataka mara moja tena."

"Sawa, Madam," akasema, akarudi nyuma akasimama na sisi.